Makumbusho bila Mkumbushaji: Uongozi wa Hifadhi na Elimu mbele ya Sanaa ya Waluba

0. Utangulizi

Neno "makumbusho" limebeba kitenzi ndani yake. Kitenzi hicho ni cha utendeshi: "kumbuka" huzaa "kumbusha", na "kumbusha" hudai pande mbili, yaani anayekumbusha na anayekumbushwa. Kwa hiyo, kwa kufuata sarufi ya Kiswahili yenyewe, jumba lenye vitu vingi lakini lisilo na mtu wa kuvisemea halijatimiza jina lake. Ni ghala lenye taa nzuri.

Mjini Lubumbashi neno la jamaa hiyohiyo lilipata maana ya pekee. Wachoraji wa mitaani wa miaka ya 1970 na wateja wao waliita "ukumbusho" picha iliyotundikwa sebuleni, ambayo kazi yake ilikuwa kuamsha masimulizi: mgeni hutazama, huuliza, mwenye nyumba hueleza. Picha bila maelezo ilihesabiwa kuwa kazi iliyobaki nusu. Wazo hilo la watu wa kawaida linagusa swali ambalo wakuu wa majumba makubwa ya sanaa duniani wamelihangaikia kwa muda mrefu: ni nani asimamie vitu, ni nani asimamie kufundisha, na je, kazi hizo mbili ziwe chini ya mkono mmoja?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni jinsi sanaa ya Waluba wa Katanga ilivyoonyeshwa na kufundishwa ng'ambo, hasa katika kazi ya Mary Nooter Roberts (1959–2018), mtaalamu Mmarekani aliyekuwa mhifadhi mkuu na naibu mkurugenzi wa Jumba la Fowler katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tangu 1999 hadi 2008. Kazi yake inastahili sifa, na sifa hizo zitatolewa. Lakini inastahili pia kuulizwa maswali kutoka upande ambako vitu vyenyewe vilitoka.

1. Vyeo viwili na desturi yake

Katika majumba mengi ya sanaa ya Ulaya na Marekani, kazi imegawanywa katika idara. Idara ya hifadhi hununua au kupokea vitu, huvichunguza, huchagua vitakavyoonekana, na huandika katalogi. Idara ya elimu hupokea wanafunzi, huandaa ziara, huwafunza waongozaji wa wageni. Kwa karatasi idara hizo ni ndugu. Kwa mazoea, moja ni kaka na nyingine ni mdogo wake: mhifadhi huamua kwanza, kisha mwalimu huitwa kueleza kile ambacho hakushiriki kukiamua. Kuta zimekwisha kupakwa rangi, kabati za kioo zimekwisha kufungwa, ndipo anapoulizwa watoto waambiwe nini.

Ili kuondoa kasoro hiyo, baadhi ya majumba yameweka kiongozi mmoja juu ya idara zote mbili. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: anayechagua kitu achague akijua kitafundishwa vipi, na anayefundisha awe na sauti wakati wa kuchagua. Lakini cheo pekee hakitoshi. Mtu mmoja anaweza kukalia viti viwili na bado akaegemea kimoja. Mhifadhi aliyepewa elimu juu ya kazi yake anaweza kuifanya elimu iwe tarumbeta ya katalogi. Mwalimu aliyepewa hifadhi anaweza kugeuza vitu kuwa vielelezo vya somo alilokwisha kuliandika. Kipimo cha uongozi wa namna hiyo hakimo katika mchoro wa madaraka. Kimo ukumbini, katika yale ambayo mgeni anaweza kuyatambua akiwa amesimama mbele ya kitu.

2. Lukasa: kitu na msomaji wake

Waluba walikuwa na chombo kinachoweza kupima jambo hilo vizuri kuliko nadharia nyingi. Lukasa ni kibao kidogo cha mti, chenye umbo lililobanwa katikati, kinachotosha kushikwa kwa mkono wa kushoto. Uso wake hubandikwa shanga na kauri, au huchongwa alama. Msomaji hupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya alama hizo huku akisimulia: asili ya ufalme, safari za mashujaa, nasaba za wafalme, mahali patakatifu, taratibu za baraza. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo waweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa njia au safari. Thomas Reefe, mwanahistoria wa ufalme wa Waluba, alikieleza chombo hiki kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 1977, na tangu hapo lukasa imekuwa kitu mashuhuri katika vitabu vya sanaa ya Afrika.

Umashuhuri huo umefunika jambo moja. Lukasa haikuwa mali ya mtu yeyote mwenye macho. Ilikuwa mikononi mwa chama cha Mbudye, chenye ngazi zake, na waliofika ngazi za juu ndio waliojua kuisoma. Waluba waliwaita mabingwa hao "bana balute", watu wa kumbukumbu. Kazi yao haikuwa burudani ya mahakama ya mfalme tu: kwa kuwa wao ndio waliohifadhi masharti ya ufalme, waliweza pia kumkumbusha mfalme mipaka yake. Tena masimulizi yao hayakuwa maneno yaleyale kila siku. Kibao kilekile kiliweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na msomaji, wasikilizaji, na shauri lililokuwa mbele ya baraza.

Kwa lugha ya majumba ya sanaa, bingwa wa Mbudye alikuwa mhifadhi na mwalimu kwa pamoja. Alitunza kitu, alikijua kwa undani, alikifundisha, na aliwajibika mbele ya jamii kwa kile alichosema. Hapakuwa na ngazi ya kwanza ya kuhifadhi na ngazi ya pili ya kueleza. Kibao kisichosomwa kilikuwa mti wenye shanga.

Hata hivyo, mfano huu usipambwe kupita kiasi. Mbudye haikuwa shule ya wote. Elimu yake ilifungwa kwa viapo na kwa ngazi, na aliye nje hakuwa na haki ya kuipata. Jumba la sanaa la leo hudai kinyume chake: mlango uko wazi kwa kila aliyelipa kiingilio. Basi anayetaka kujifunza kutoka kwa Mbudye lazima aeleze atafanya nini na siri. Kuifichua ni kuvunja agizo la wenyewe. Kuinyamazia ni kumwacha mgeni mbele ya mti wenye shanga.

3. New York, 1988–1996: hatua tatu

Jumba dogo la New York, lililofunguliwa mwaka 1984 chini ya uongozi wa Susan Vogel na baadaye kuitwa Jumba la Sanaa ya Afrika, lilikuwa na nafasi ya pekee ya kulijaribu swali hili. Liliishi kwa maonyesho ya vitu vya kuazima, na kwa hiyo halikubanwa na ghala lake lenyewe. Lilipaswa kujitetea kwa fikra.

Hatua ya kwanza ilikuwa maonyesho ya mwaka 1988 yaliyouliza kitu huwa "sanaa" lini na huwa "kifaa" lini. Mfano uliozungumzwa zaidi ulikuwa wavu wa kuwindia wa Wazande, watu wa kaskazini mwa Kongo. Wavu huo, uliofungwa kama mzigo, uliwekwa peke yake katika chumba cheupe chenye mwanga mzuri, na mara moja ukaonekana kama sanamu ya kisasa. Somo lilifika: ukumbi wenyewe hufundisha, hata pale ambapo hakuna mwalimu. Anayeamua rangi ya ukuta tayari amekwisha kutoa maelezo. Lakini somo hilo lilihusu macho ya watu wa New York. Mzande mwenye wavu hakuongezewa sauti yoyote. Alikopeshwa tu ili wengine wajijue.

Hatua ya pili ilikuwa maonyesho ya 1993 kuhusu siri, yaliyoongozwa na Mary Nooter Roberts, wakati huo mhifadhi mwandamizi wa jumba hilo. Alikuwa amefanya utafiti miongoni mwa Waluba wa Shaba mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu sanaa na utawala wao. Hapa tatizo la Mbudye lilikabiliwa waziwazi. Maonyesho hayakujidai kufungua kila fumbo. Yalimfundisha mgeni kwamba sanaa fulani hutengenezwa ili ionyeshe kwamba inaficha, na kwamba kutojua kwake mgeni ni sehemu ya kazi ya kitu. Hilo ni jibu la heshima kwa swali la siri: haisemi yaliyokatazwa, lakini inasema kwamba kuna katazo, na kwa nini.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa. Mwaka 1996 yeye na mumewe Allen F. Roberts, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Watabwa, walitoa maonyesho na kitabu "Memory: Luba Art and the Making of History". Hoja kuu ni kwamba vitu vya Waluba, yaani vigoda vya kifalme, fimbo, vishikio vya pinde, vibao vya lukasa, havikuwa picha za historia iliyokwisha kupita. Vilikuwa vyombo vya kuitengeneza historia kila viliposhikwa na kusemewa. Kumbukumbu, kwa maelezo yao, haimo katika mti. Hufanyika kati ya mti, kidole, mdomo na baraza.

Uzito wa hoja hiyo kwa uongozi wa jumba la sanaa ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Mhifadhi wa desturi ya kale angepanga vibao kwa umri, kwa mtindo, au kwa jina la mchongaji. Kwa kupanga kwa kumbukumbu, elimu haikungoja mlangoni. Ilikuwa kanuni ya kuchagulia. Yaliyofundishwa na yaliyohifadhiwa yalitoka katika wazo moja. Hivyo ndivyo kiongozi wa viti viwili anavyopaswa kufanya kazi.

4. Upungufu wa mfano bora

Sifa zikishatolewa, swali linabaki: katika maonyesho hayo msomaji wa lukasa alikuwa wapi?

Alikuwa kitabuni. Maneno ya mabingwa wa Mbudye yalifika New York yakiwa yametafsiriwa, yamefupishwa, na kuwekwa ndani ya hoja ya watafiti. Hilo si kosa la nia. Watafiti wenyewe walikaza kwamba kibao hakina maana moja. Lakini kabati la kioo lina tabia yake: hukaza maana. Maelezo yaliyobandikwa pembeni ya kitu husoma neno moja asubuhi na jioni, kwa kila mgeni. Mahali ambapo Mbudye angebadili masimulizi kwa ajili ya shauri la siku hiyo, kibandiko hurudia. Maonyesho yaliyofundisha kwamba lukasa ni tendo yalilazimika kuionyesha kama kitu.

Upungufu wa pili ni wa hadhira. Kiongozi wa hifadhi na elimu huamua, kabla ya yote, ni nani anayefundishwa. Mgeni aliyefikiriwa alikuwa msomaji wa Kiingereza anayeishi mbali na Upemba, asiyejua Kalala Ilunga ni nani. Mtoto wa Kabongo au wa Kamina, ambaye amesikia jina hilo kwa babu yake na ambaye pengine angekuwa na la kuongeza au la kupinga, hakuwemo katika mpango wa somo. Mbudye aliwajibika mbele ya mfalme na mbele ya baraza; angeweza kukosolewa papo hapo na bingwa mwenzake. Ni nani wa kumkosoa mhifadhi wa Los Angeles kwa lugha ya Kiluba au ya Kiswahili?

Historia inaonyesha kwamba swali hili si la adabu tu; lina matokeo ya kitaalamu. Frans Olbrechts, Mbelgiji aliyeongoza jumba la Tervuren tangu 1947 hadi 1958, alipata umaarufu kwa kutambua kwamba kundi la sanamu za Kiluba lilitoka katika mkono mmoja. Kwa kuwa hakuwa na jina la mchongaji, alimwita kwa jina la kijiji cha Buli. Jicho lake lilikuwa kali, na aliwafundisha Wazungu kwamba mchongaji wa Afrika si kabila zima bali ni mtu. Lakini jina la mtu huyo halikutoka katika jicho. Lilipatikana baadaye katika masimulizi ya watu wa eneo hilo: Ngongo ya Chintu, wa Kateba. Jicho la mhifadhi lilifika kwenye mkono. Sikio ndilo lililofika kwenye jina.

5. Tervuren, Amsterdam, Lubumbashi

Mwaka 2013 Mary Nooter Roberts aliandaa mjini Los Angeles, katika Jumba la Sanaa la Kaunti, maonyesho ya kazi bora za Kiluba zilizoazimwa Tervuren. Jumba la Tervuren lenyewe lilifungwa mwishoni mwa mwaka huohuo kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018. Wakuu wake walisema wazi kwamba jumba la kikoloni lazima lijikosoe, na wasanii wa Kongo walialikwa kuweka kazi zao ndani yake. Hata hivyo, maelezo ya kudumu ukumbini yaliandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Lugha nne, na hakuna hata moja ambayo lukasa iliwahi kusomwa kwayo. Ni haki jumba la Ubelgiji kusema na Wabelgiji. Lakini jumba linalodai kuzungumza na Waafrika, si juu yao tu, hupimwa pia kwa lugha zake.

Mfano wa Amsterdam unauma zaidi, kwa sababu pale sauti ipo. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100 kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, na akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mazungumzo yalirekodiwa. Kitabu kilitoka mwaka 1996, mwaka uleule wa maonyesho ya Waluba huko New York, na picha zikaingia katika Jumba la Tropiki la Amsterdam mwaka 2000. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna jumba linaloweza kumwita tena. Lakini alifanya lile ambalo kabati la kioo huwanyima wasomaji wa lukasa: aliacha kazi pamoja na somo lake, na somo hilo ni la Kiswahili. Mhifadhi anayetundika picha hizo bila maneno hayo hatundiki kazi ya Tshibumba. Anatundika nusu yake.

Na Lubumbashi? Jumba la Taifa la mji huu halikupata fedha za New York wala za Tervuren. Lakini historia yake ya karibuni ina funzo. Tangu mwaka 2000 mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria wa chuo kikuu pamoja na Bogumil Jewsiewicki, uliwageukia wakazi wa mji kuwa wenye kumbukumbu: wafanyakazi wa kampuni, wake zao, watoto wao. Kuanzia 2008 wasanii wa kituo cha Picha, wakiwemo Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, wamekuwa wakiandaa maonyesho ya kila baada ya miaka miwili. Jina la kituo hicho ni neno la Kiswahili, nalo halikuchaguliwa kwa urembo. Katika juhudi hizo mbili mkazi si mgeni wa kufundishwa tu. Yeye pia ni mkumbushaji.

6. Hitimisho

Swali la nani asimamie hifadhi na elimu limekuwa la haraka zaidi. Kinshasa ilipata Jumba jipya la Taifa mwaka 2019, kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta huko kinyago cha Kakuungu cha Wasuku kwa njia ya mkopo usio na kikomo, na mwaka huohuo Ubelgiji ilitunga sheria ya kuwezesha kurudishwa kwa vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Vitu vingine 114 vilikuwa vimerudi kutoka Tervuren kati ya 1976 na 1982. Mjadala wote umekuwa juu ya vitu: vingapi, vya nani, kwa ndege ipi, katika ghala lenye hewa ya namna gani.

Ghala ni lazima, kwani mti huliwa na mchwa. Lakini mfano uliochunguzwa hapa unaonyesha kwamba hata maonyesho bora, yaliyobuniwa na mtu aliyeunganisha hifadhi na elimu katika wazo moja, yalikwama palepale: msomaji hakuwepo. Kama lukasa itarudi Katanga na kuwekwa nyuma ya kioo, ikiwa na kibandiko cha Kifaransa kilichonakiliwa katika katalogi ya Kiingereza, itakuwa imesafiri maili nyingi bila kutoka mahali ilipokuwa.

Kwa hiyo uongozi unaotakiwa hautokani na kuongeza cheo cha naibu mkurugenzi. Unatokana na mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo hata wa jumba maskini. La kwanza, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya waliotengeneza kitu, na yaandikwe kwanza kwa lugha hizo, yasiwe tafsiri ya mwisho. La pili, wazee wanaojua masimulizi wahesabiwe kuwa wafanyakazi wa elimu wenye malipo, si watoa habari wanaoshukuriwa katika dibaji. Na waliyokatazwa kusema yabaki yamekatazwa, jumba likitangaza hivyo bila aibu. La tatu, wanafunzi wa lugha na wa historia wafunzwe kurekodi masomo hayo, kila kisomo na tarehe yake na jina la msomaji, ili visomo viwili vinavyopingana vikae bega kwa bega.

Mabingwa wa Mbudye wanazidi kupungua. Kibao kinaweza kungoja miaka mia moja katika ghala la Ulaya bila kudhurika. Msomaji hawezi.